Nishani za Kale za Kijeshi katika Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale waliokuta nishani ndani ya sanduku la babu huko Kilolo, Njombe, Rungwe au Mbozi na hawajui ni ya nini. Wa pili ni wale wanaotaka kuzikusanya na wanaogopa kuuziwa bandia. Majibu yanawahusu wote wawili, kwa sababu jambo la msingi ni moja: uhakiki wa nishani huanza kwa askari aliyeivaa, ndipo uende kwenye madini. Nishani iliyotenganishwa na jina la mwenyewe imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na mara nyingi hasara hiyo hutokea siku ile ile inapouzwa.

Ni nishani zipi hasa zinazopatikana huku, na zilifikaje?

Zilizo nyingi ni za Kiingereza, na zimetokana na vita viwili vikuu vya dunia. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Edward Northey yaliingia kutoka Nyasaland (leo Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), yakaichukua Neu Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu, na kufikia Agosti mwaka huo yalikuwa yameingia Iringa. Baadaye kikosi cha Kijerumani cha Jenerali Wahle, kikirudi nyuma kutoka Tabora, kilipita katika nchi hiyo hiyo na kupigana Ngominyi, Malangali na Lupembe. Mwaka 1918 Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda mkuu wa Wajerumani, alipita Ubena akielekea Rhodesia ya Kaskazini, na akasalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Kwa hiyo watu wa nyanda hizi waliiona vita hiyo milangoni mwao, na vijana wao walikuwamo katika majeshi ya pande zote mbili, wengine wakiwa askari na wengine, walio wengi zaidi, wakiwa wapagazi.

Kundi la pili ni nishani za wale waliojiunga na King's African Rifles, yaani KAR, au Keya kama wazee walivyozoea kusema, katika Vita Kuu ya Pili. Walipigana Ethiopia na Somalia, wakaenda Madagaska mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kundi la tatu ni dogo: nishani za miaka ya 1950, kutoka kwa askari wa vikosi vya Tanganyika waliopelekwa Kenya.

Nishani za Kijerumani zipo, lakini ni chache kuliko wauzaji wanavyodai.

Nimeshika nishani mkononi. Nianze kuangalia nini?

Anza na ukingo. Watu karibu wote huanza na picha ya mfalme, na hapo ndipo muuzaji anapotaka waanze. Igeuze nishani, ishike mahali penye mwanga wa dirisha unaotoka ubavuni, na uzungushe ukingo polepole chini ya kioo cha kukuza. Ukiona maandishi, usiyasome kwanza kama jina. Tazama jinsi herufi zilivyoingia katika madini.

Nishani za Kiingereza za Vita Kuu ya Kwanza ziligongwa maandishi ukingoni: namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Kila herufi iligongwa kwa chuma chenye umbo lake, kwa hiyo sakafu ya herufi ni bapa na kuta zake zimesimama. Herufi zilizochongwa kwa mkono baadaye zina mfereji wenye ncha chini, upana wake hubadilika njiani, na mara nyingi mkono wa fundi huonekana umeteleza kwenye kona. Nishani kama hiyo inaweza kuwa halisi kwa madini yake, na jina likawa la kubandikwa. Mtu alifuta jina la askari wa kawaida na kuweka la mtu anayetafutwa na wanunuzi.

Ufutaji huacha dalili. Kufuta jina ni kupiga tupa ukingo, na kupiga tupa ni kupunguza kipenyo. Nishani ya duara ya Kiingereza ya kampeni ina kipenyo cha milimita 36. Chukua kipimo cha vernia, ambacho fundi yeyote wa karakana ya magari anacho, na upime sehemu kadhaa kuzunguka duara. Ikiwa kipimo kinapungua pale penye jina na kurudi penginepo, au ukingo una bonde hafifu unaloweza kulihisi kwa ukucha, jina hilo si la kwanza. Wakati mwingine vivuli vya herufi za zamani hubaki chini ya zile mpya, navyo huonekana vizuri ukiinamisha nishani kuliko ukiitazama moja kwa moja.

Jina la babu limeandikwa vibaya ukingoni. Je, hiyo ni dalili ya bandia?

Hapana. Mara nyingi ni kinyume chake. Karani wa jeshi aliandika jina kama alivyolisikia, na hakuwa anajua Kihehe, Kibena wala Kinyakyusa. Herufi R na L hubadilishana, "Mwa" ya mwanzo hukatwa ikawa "Ma", na mara nyingi huwapo jina moja tu bila la baba. Mtengeneza bandia wa leo huandika jina kwa usahihi wote, kwa sababu amelinakili kutoka kwenye maandishi ya leo. Lililo muhimu kuliko tahajia ni namba. Namba ya askari ikilingana na ile iliyo kwenye cheti chake cha kuachishwa jeshi, au kwenye kipande chochote cha karatasi ambacho familia imekihifadhi, basi umeshapata ushahidi ambao hauhitaji kubishaniwa kwa sababu ya herufi moja.

Nishani zetu za Vita Kuu ya Pili hazina jina lolote. Tumeibiwa?

Hamjaibiwa. Serikali ya Uingereza iliamua kutoandika majina kwenye nyota na nishani za kampeni za vita hivyo, na za askari wa KAR zilitolewa hivyo hivyo. Afrika Kusini, India na Australia ziliandika majina ya askari wao, kwa hiyo nyota yenye jina inaweza kuwa halali ikiwa ni ya askari wa nchi hizo. Ukiletewa Nyota ya Burma yenye jina la askari wa KAR lililochongwa, uliza nani aliichonga. Huenda askari mwenyewe alimpelekea fundi kwa fahari yake, na hilo halina ubaya mradi lisemwe.

Kwa kuwa hazina majina, nyota hizi hutambulika kwa mpangilio. Askari wa KAR aliyepigana Ethiopia kisha Burma alistahili Nyota ya 1939–45, Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma, Nishani ya Ulinzi kama alitimiza masharti yake, na Nishani ya Vita ya 1939–45. Nyota ya Afrika ilihesabu utumishi kuanzia tarehe 10 Juni 1940 hadi 12 Mei 1943, pamoja na mapambano ya Ethiopia na Somalia. Kundi la nishani linalokwenda sawasawa na safari ya maisha ya mzee husadikika. Kundi lenye nyota ambazo mtu mmoja asingeweza kuzipata zote limeunganishwa sokoni.

Nitajuaje kama picha ya mfalme ni sahihi?

Kwa miaka. Edward wa Saba alitawala kuanzia 1901 hadi 1910, George wa Tano 1910 hadi 1936, George wa Sita 1936 hadi 1952, na baada yake ni Elizabeth wa Pili. Nishani ya Utumishi wa Jumla Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilidumu chini ya watawala kadhaa. Utepe wake ni wa manjano wenye kingo nyeusi na mistari miwili ya kijani, na juu yake hukaa kibao cha madini kinachotaja mapambano. Ikiwa kibao kinasema "Kenya", mapambano hayo yalianza Oktoba 1952, kwa hiyo kichwa lazima kiwe cha Elizabeth. Kibao cha "Kenya" juu ya kichwa cha George wa Tano ni kazi ya mtu aliyekuwa na vipande viwili na hakuwa na kalenda.

Angalia pia taji. Kwenye Nishani ya Vita ya 1939–45 mfalme George wa Sita amevaa taji, na upande wa nyuma yuko simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Kwenye Nishani ya Ulinzi mfalme huyo huyo hana taji. Zote mbili ni za aloi ya shaba na nikeli.

Nishani za Vita Kuu ya Kwanza zinafananaje?

Nishani ya Vita ya Uingereza ni ya fedha. Upande mmoja una kichwa cha George wa Tano, na mwingine una mtu aliye uchi juu ya farasi, na miaka 1914 na 1918. Utepe wake una rangi ya chungwa katikati na mistari myeupe, myeusi na ya buluu pembeni. Nishani ya Ushindi ni ya shaba nyeusi yenye umbo la malaika wa kike mwenye mabawa, na utepe wake una rangi za upinde wa mvua, nyekundu ikiwa katikati.

Hapa kuna jambo linalohusu nyanda zetu moja kwa moja. Katika jeshi la Northey walikuwamo askari wengi wa Afrika Kusini, na Nishani ya Ushindi iliyotolewa na Afrika Kusini ina maandishi ya nyuma katika Kiingereza na Kiholanzi. Watu wasiojua huitupa kando wakidhani ni bandia kwa sababu maandishi hayafanani na ya wenzake. Ikipatikana kati ya Tukuyu na Iringa, ina sababu nzuri sana ya kuwapo.

Kuna nishani ya ushujaa iliyotolewa kwa askari Waafrika wa KAR peke yao?

Ipo, na ndiyo ambayo mkusanyaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuijua kuliko zote. Nishani ya Mwenendo Bora Vitani ilikuwa na toleo maalumu la KAR, ambalo upande wa nyuma lilitaja jina la jeshi hilo juu ya maandishi ya kawaida. Iligongwa jina la askari ukingoni. Kila moja ilitolewa kwa tendo la mtu mmoja chini ya risasi. Kwa kuwa ni adimu, ndiyo inayobadilishwa majina zaidi, na haifai kununuliwa bila kulinganisha jina na orodha rasmi.

Nimeambiwa hii ni Msalaba wa Victoria.

Karibu kwa hakika sivyo. Kila aliyepewa Msalaba wa Victoria anajulikana kwa jina na kwa tendo, na nyuma ya msalaba huandikwa tarehe ya tendo hilo, huku jina likiwa nyuma ya kishikio cha juu. Katika Vita Kuu ya Pili, kikosi cha 1/6 cha KAR, ambacho asili yake ni Tanganyika, kilipata msalaba mmoja kupitia Sajenti Nigel Leakey, aliyeuawa Colito nchini Ethiopia tarehe 19 Mei 1941. Nakala za msalaba huu hutengenezwa na kuuzwa kihalali kama kumbukumbu, na baadhi yake husafiri hadi kwa mtu asiyejua historia yake.

Msalaba wa Chuma wa Kijerumani unahakikiwaje?

Kwa muundo. Msalaba wa 1914 ulio halisi umetengenezwa kwa vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na fremu mbili za rangi ya fedha zilizoungwa pamoja kukizunguka kiini. Upande wa mbele una herufi W, taji na mwaka 1914. Upande wa nyuma wa daraja la pili una majani ya mwaloni, herufi FW na mwaka 1813. Leta sumaku ndogo karibu na katikati: chuma kitavutwa. Bandia nyingi ni kipande kimoja cha aloi kilichomiminwa na kupakwa rangi, na sumaku haiigusi. Ukivutwa, bado usifurahi mapema. Tafuta mstari wa kuungana kwa fremu ukingoni, kwa kuwa msalaba wa kumiminwa hauna mstari wa kweli, una alama ya kupigwa msasa tu.

Msalaba halisi unaweza kuwa huku kwa njia nyingine pia. Baada ya katikati ya miaka ya 1920 walowezi wa Kijerumani walirudi kulima katika nyanda za juu, na wengi wao walikuwa wamepigana Ulaya. Kwa hiyo msalaba uliopatikana kwenye shamba la zamani Mufindi au Mbozi si lazima uwe umetolewa kwa ajili ya vita vya hapa.

Je, zipo nishani za vita vya Mkwawa au vya Majimaji?

Wapiganaji wa Mtwa Mkwawa hawakupewa nishani za madini, na mtu akikuonyesha "nishani ya Mkwawa ya 1891" anakuonyesha kitu kilichobuniwa. Ushindi wa Lugalo wa tarehe 17 Agosti 1891, ambapo kikosi cha Kijerumani cha Zelewski kilivunjwa na yeye mwenyewe kuuawa, uliacha silaha, nyimbo na makaburi. Haukuacha utepe wala kibao.

Waliopewa nishani ni waliokuja kupigana na Wahehe. Gavana von Schele alipata Pour le Mérite, nishani ya juu ya Prussia, baada ya kuiteka Kalenga mwaka 1894. Mwaka 1912 Kaisari Wilhelm wa Pili alianzisha nishani ya kumbukumbu ya vita vya makoloni, na washiriki walivaa juu ya utepe wake vibao vinavyotaja mahali na miaka. Askari Waafrika wa Schutztruppe, yaani jeshi la koloni la Kijerumani, walikuwa na nishani yao ya sifa ya vita. Mkusanyaji wa Iringa anayeshika moja ya hizi anapaswa kujua anashika nini: ni ushahidi wa upande mmoja wa vita ambavyo upande wa pili ulipoteza mji, ng'ombe na, tarehe 19 Julai 1898, kiongozi wake. Kwa maoni yangu vitu hivi vina haki ya kukusanywa, lakini havina haki ya kuonyeshwa bila maelezo hayo pembeni.

Naweza kumpelekea sonara aipime?

Unaweza, na masonara wa Mbeya na Chunya wana mikono mizuri, lakini mweleze kabla hajaanza kwamba hutaki jiwe wala asidi. Sonara huzoea kusugua pambo kwenye jiwe na kudondosha asidi juu ya mstari. Kwa nishani huo ni uharibifu usiorudi. Mwombe mizani tu.

Nishani ya Vita ya Uingereza ina uzito wa takriban gramu 31. Ukitaka uhakika zaidi wa madini, pima uzito wake hewani, kisha uipime ikining'inia ndani ya maji kwa uzi mwembamba bila kugusa chombo. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Fedha hutoa jibu lililo juu ya 10. Aloi ya shaba na nikeli hutoa karibu 8.9. Ondoa utepe kwanza, na uikaushe vizuri ukimaliza.

Kwa bahati mbaya ni fedha hiyo hiyo iliyoziangamiza nyingi. Bei ya fedha ilipopanda sana duniani mwaka 1980, nishani hizi ziliyeyushwa kwa wingi nchi za nje, na huku kwetu zipo zilizogeuzwa hereni na bangili bila mtu kusoma ukingo. Ukiikuta moja kwenye kikapu cha vipande vya fedha Mwanjelwa, soma jina kabla hujauliza bei.

Bandia za kumiminwa zinatambulikaje?

Nishani halisi iligongwa kwa mtambo wenye nguvu, kwa hiyo nywele za mfalme na mikunjo ya nguo ni vikali na uso wa bapa umelala laini. Nakala iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu vidogo kama vya sindano, maelezo yake yamelegea, na ukingoni hubaki mstari wa kalibu au alama za tupa iliyouondoa. Tofautisha na uchakavu wa kawaida: kuvaliwa hufuta sehemu zilizoinuka tu, yaani pua, shavu na paji la uso, huku mashimo ya chini yakibaki makali. Nishani iliyolegea sawasawa juu na chini haijavaliwa, imenakiliwa.

Utepe unaweza kuthibitisha chochote?

Kidogo. Utepe uliraruka na kubadilishwa, mara nyingine na askari mwenyewe, kwa hiyo utepe mpya hauifanyi nishani kuwa bandia. Taa ya zambarau ya kukagulia noti, iliyopo katika maduka mengi ya fedha, husaidia: nyuzi za kisasa hung'aa chini yake, na pamba au hariri ya zamani kwa kawaida haing'ai. Lakini utepe wa kale uliowahi kufuliwa kwa sabuni ya unga ya kisasa nao hung'aa. Usihukumu kwa taa peke yake.

Niende vipi kwa familia yenye nishani?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe kwanza, na huulizwa mwisho.

Usiende na fedha mfukoni na swali la bei mdomoni. Nenda na mtu anayejulikana katika kijiji, piga hodi, wape wazee shikamoo yao, na Uhehe au Ubena usisahau "kamwene". Eleza kwamba unataka kujua habari za mzee aliyekwenda vitani. Nishani italetwa yenyewe, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, na pamoja nayo mara nyingi huletwa picha, cheti, barua, au mkanda wa ngozi ambao hakuna aliyefikiri ni wa maana. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyothibitisha nishani isiyo na jina.

Mwulize bibi au mtoto mkubwa mambo yanayoweza kupimwa. Mzee aliondoka mwaka gani, kabla au baada ya tukio gani la kijijini? Alipanda meli wapi? Alitaja mto, msitu, baridi, jina la ofisa? Mzee aliyesimulia mvua isiyokoma, ruba na Wajapani alikuwa Burma, na huhitaji kitabu kukuambia hivyo. Andika maneno yao kama yalivyosemwa, pamoja na jina la msimulizi na uhusiano wake na askari, kisha wasomee ulichoandika wakusahihishe. Piga picha pande zote mbili na ukingo, na uwaachie nakala.

Wakikataa kuuza, umeshapata kilicho cha thamani zaidi. Wakitaka kuuza, hakikisha ni uamuzi wa familia, maana nishani ya babu ni urithi wa watoto wote, na kijana mmoja anayeileta stendi usiku akiwa na haraka hana mamlaka ya kuiuza. Binafsi huwashauri wabaki nayo, na kama kuna shida ya fedha, wauze ile moja ambayo wao wenyewe wanaichagua, huku maandishi ya habari za mzee yakiambatana nayo. Kundi likitawanywa kwa wanunuzi watatu, hakuna atakayelikusanya tena.

Majina yanathibitishwa wapi?

Kwa Vita Kuu ya Kwanza, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, ina kadi za nishani katika kundi la WO 372 na orodha za waliopewa katika WO 329. Sehemu ya kadi inaweza kutafutwa kwa intaneti kwa jina. Jaribu tahajia nyingi, na ukiwa na namba ya askari itumie kuchuja majina yanayofanana. Tuzo za ushujaa zilitangazwa katika London Gazette, ambayo matoleo yake ya zamani yanasomeka mtandaoni bila malipo.

Upande wa Ujerumani ni mgumu zaidi, kwa kuwa kumbukumbu za watumishi wa jeshi la Prussia ziliteketea Potsdam mwezi Aprili 1945. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizobaki hapa zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nazo ziliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Makaburi ya vita yaliyopo mjini Iringa nayo yanafaa kutembelewa, kwa sababu majina ya vikosi yaliyochongwa pale hukuonyesha nani alikuwa wapi. Makumbusho ya Kalenga na ya Boma la Iringa yatakupa historia ambayo nishani zenyewe haziwezi kuisema.

Sheria inasemaje kuhusu kuchimba na kusafirisha?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, hairuhusu mtu kuchimba maeneo ya kihistoria bila kibali. Usipeleke kifaa cha kutambua madini Lugalo, Malangali au penginepo walipoanguka watu. Mbali na sheria, risasi na makombora ya kale bado yanaweza kulipuka. Ukiona chochote cha aina hiyo usikiguse, toa taarifa polisi. Kabla ya kupeleka nishani nje ya nchi, wasiliana na Idara ya Mambo ya Kale upate jibu la maandishi.

Nimeambiwa alama zilizo kwenye nishani zinaonyesha mahali Mjerumani alipoficha mali.

Hapana. Alama hizo zilichorwa Ulaya na kugongwa kwa maelfu, zote zikifanana. Watu wameuza ng'ombe na kuchimbua miti ya zamani na hata makaburi kwa kuamini habari hizi, na anayefaidika ni yule anayeuza "ramani".

Heller na rupia za Mjerumani ni nishani?

Ni sarafu, hata kama zimetobolewa na kuvaliwa shingoni. Zina wakusanyaji wao.

Vipi nishani za jeshi letu wenyewe?

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, na nishani zake, ikiwamo ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema, hutunukiwa kwa jina la Rais. Waliopigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wengi wako hai, na wengine huzivaa kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Sinunui nishani hizi na simshauri mtu azinunue. Mwenye nazo akikuruhusu, andika habari zake akiwa bado anaweza kukusimulia mwenyewe.

Nishani imekuwa nyeusi. Niisafishe kwa kitu gani?

Usiisafishe. Majivu, limau, dawa ya meno na dawa za kung'arisha shaba zote hula uso wa madini, na kwa nishani yenye jina zinakula jina. Weusi wa fedha ni ngao yake. Ikiwa ina masizi ya jikoni, futa kwa kitambaa laini cha pamba kilicho kikavu. Unga wa kijani unaotoka juu ya shaba ni ugonjwa mwingine: itenge na nyingine, iweke pakavu, na uondoe unga huo kwa kijiti cha mbao laini bila kukwaruza.

Nizihifadhi vipi katika hali ya hewa ya huku?

Ukungu wa Njombe na mvua za Tukuyu ndizo adui. Usitumie mifuko ya plastiki laini inayonuka, kwa kuwa hutoa mvuke unaoshambulia shaba, wala usiziache kwenye sanduku linalogusa sakafu ya udongo. Funga kila moja peke yake kwa pamba safi isiyo na wanga, ziweke kwenye boksi la karatasi juu ya kabati, na utie ndani vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ukivibadilisha kila masika. Karatasi yenye maelezo ya askari iwe nakala mbili: moja ndani ya boksi hilo, iliyoandikwa kwa penseli ili unyevu usiyafute maandishi, na nyingine ikae nyumba tofauti, kwa ndugu unayemwamini.